Beki Wetu wa Kushoto

Nilikabidhiwa timu ya wadogo kwa sababu mwalimu wa michezo alihamishwa katikati ya muhula, na siku ya kikao mimi ndiye niliyekaa karibu na mlango, mpira ukiwa umeegemea kiti changu. Mwalimu mkuu alitazama chumba kizima. Kila mtu akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Naona mpira wenyewe umeshamchagua Madam." Watu wakacheka, nami nikacheka nao nikidhani ni utani. Asubuhi iliyofuata niliwakuta watoto wa darasa la tatu na la nne wamejipanga nje ya ofisi, pekupeku, wananisubiri.

Mpira nilikuwa siujui. Nimelelewa Lulindi, kwenye nyumba ya mwalimu wa kanisa, na mchezo pekee niliowahi kuucheza kwa moyo wote ni rede, ule wa wasichana wa kukwepa mpira. Newala nililetwa na kazi, nikaolewa hukohuko, nikazoea baridi yake ya mwezi wa saba na shida yake ya maji. Mume wangu, ambaye timu yake ikifungwa hali chakula, alijaribu kunieleza maana ya kuotea kwa kupanga vikombe vya chai mezani. Nilielewa mpaka vikombe vilipoondolewa. Bahati nzuri watoto wa umri ule nao hawana habari na kuotea. Mpira ukiwa kaskazini, wote wako kaskazini.

Uwanja wetu uko nyuma ya madarasa, umezungukwa na mikorosho pande tatu, na upande wa nne unateremka kuelekea bondeni. Mpira ukitokea upande huo tunapumzika wote mpaka aliyeufuata arudi. Kipindi cha kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, mashine zinanguruma mashambani tangu alfajiri na vumbi la njano linatua mpaka kwenye vioo vya madirisha, kwa hiyo mazoezi yetu tuliyafanya jioni, hewa ikishatulia.

Niliamua tangu mwanzo kwamba kila mtoto anayetaka kucheza atacheza. Haukuwa msimamo wa busara yoyote. Nilikuwa tu sijui kumtambua mchezaji mzuri na mbaya, nikaona heri niwachukue wote. Wakaja. Alikuja msichana wa darasa la nne, mwembamba, mwenye magoti makavu na macho makali, ambaye aliwapiga chenga wavulana mpaka wakawa wanakaa chini wenyewe. Huyo hata mimi nilimtambua. Akaja msichana mwingine, kiziwi, aliyekuwa akisoma kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu. Yeye alikwenda moja kwa moja kusimama golini na hakuna aliyewahi kumtoa hapo. Wakaja waoga waliofumba macho mpira ukiwajia, na mmoja mnene aliyekuwa akiudaka na kuukumbatia kila ulipomfikia, ingawa nilimweleza mara nyingi kwamba hiyo si kazi yake.

Na akaja mvulana wa darasa langu la tatu, mwenye maneno mengi, anayejua majina ya wachezaji wote wa redioni. Aliniambia yeye ni beki wa kushoto. Nilimuuliza kwa nini wa kushoto. Akasema, "Kwa sababu huko watu hawapendi, Madam. Nafasi ipo."

Siku ya pili ya mazoezi mama yake alifika uwanjani. Alikuwa ametoka shambani, ndoo tupu kichwani. Watoto walimwamkia, akaitikia, kisha akanivuta pembeni.

"Shikamoo Mwalimu."

Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, lakini huku kwetu mwalimu wa mtoto huamkiwa hivyo. Nilimwambia mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia, nikamwamkia. Hakutabasamu.

"Mwanangu hachezi," alisema. "Nakuomba umtoe. Ana kifafa."

Nilikuwa nimekaa na mtoto huyo darasani tangu mwaka uanze sijui. Mama alinieleza kwamba humjia zaidi alfajiri au akichoka sana. Alikuwa ameshamzungusha kwa waganga, akaambiwa mengi, kisha nesi mmoja wa kliniki akamwanzishia vidonge na hali ikapungua. Haikuisha. Shule ya kwanza aliyosoma aliangukia kwenye mstari wa asubuhi, na baada ya siku ile hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye dawati moja. Ndiyo maana alimhamishia kwetu, na ndiyo maana hakumwambia mtu.

"Hapa anapendwa," alisema. "Akianguka uwanjani mbele yao, nitampeleka shule gani tena?"

Nilimwambia nitamtoa. Kesho yake nilipomwambia mtoto, hakulia. Alinyamaza, na akanyamaza siku nzima, yeye ambaye nilikuwa namkemea kwa kuongea. Siku iliyofuata alinyamaza vilevile. Ikabidi nimfuate yule nesi kliniki nimuulize. Alinitazama kama mtu aliyechoka kuulizwa swali moja. "Kupanda mwembe asipande," alisema. "Kuogelea peke yake asiogelee. Mpira acheze, ila asikose dawa, asikose usingizi, na walio karibu naye wajue la kufanya. Mpe mama yake nafasi aseme mwenyewe."

Nilikwenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama anamenya ming'oko uani, vile viazi vya porini, akanipa kigoda na kisu kingine, tukamenya pamoja. Nilimwambia aliyosema nesi. Aliendelea kumenya mpaka bakuli likajaa.

"Wajue wote?" aliuliza.

"Wale wa timu tu. Kwa kuanzia."

"Utawaambia wewe?"

"Nikiwaambia mimi wataogopa, kwa sababu mimi mwenyewe naogopa."

Hapo alicheka kidogo, mara ya kwanza.

Mama alikuja uwanjani jioni ya Ijumaa, akitoka msikitini, amevaa kanga mpya. Mwanawe alikuwa amekaa mchangani miongoni mwa wenzake, ameinamisha uso mpaka kidevu kinagusa kifua. Mwalimu wa kitengo alisimama mbele ya golikipa wetu akimtafsiria kwa mikono. Mama hakuzunguka.

"Mwenzenu ana ugonjwa unaitwa kifafa. Ukimjia anaanguka, anatikisika, anatoa povu. Anaweza kujikojolea. Haumwi wakati huo, hasikii. Mkimwona hivyo msimshike kwa nguvu, msimtie kitu mdomoni, msimmwagie maji. Ondoeni mawe yaliyo karibu. Mgeuzeni alale ubavu. Halafu mngojeni. Ataamka."

Yule mnene akanyoosha kidole.

"Mama, si wanasema povu linaambukiza?"

"Mimi nimemfuta povu kwa mkono huu tangu akiwa mdogo," alisema, akauonyesha mkono wenyewe. "Umewahi kunisikia nimeanguka?"

Mtoto alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Msichana mwenye macho makali akauliza, "Akiamka anaendelea kucheza?"

"Hapana. Anachoka sana. Analala."

"Kwa hiyo tutakuwa pungufu."

"Mtakuwa pungufu, ndiyo," alisema mama, na nikaona kwamba swali lile, ambalo mimi liliniudhi, yeye lilimpendeza. Lilikuwa swali la mpira.

Tulifanya hata mazoezi ya kuanguka. Wenyewe ndio waliotaka. Kila mmoja alilala mchangani akatikisika kwa zamu na wengine wakamgeuza ubavu, mpaka ikawa mchezo na ikabidi nipige filimbi. Mvulana mwenyewe aliwasahihisha. "Siyo hivyo, kichwa kiweke kwenye mkono." Maneno yake yalikuwa yamerudi.

Mpira wake haukuwa mzuri. Vidonge vilimfanya mzito kidogo, na alipopewa mpira alisimama kuufikiria. Yule msichana wa macho makali, mfungaji wetu, alivumilia wiki chache, kisha akanijia mbele ya wote.

"Madam, yule akipewa mpira tunafungwa."

"Basi msaidie."

"Mimi nafunga magoli. Nirudi nyuma nani atafunga?"

Sikuweza kumjibu kwa hoja ya mpira, kwa hiyo nilitumia cheo: nikamwambia ndivyo nilivyosema. Akaenda ameninunia. Ila nilimwona akimchukua beki wetu pembeni, amemshika bega kama mtu mzima anayemwonya mtoto. "Wewe usifikiri," alikuwa akimwambia. "Ukiuona mpira, upige nje. Kule bondeni. Upige tu." Tangu siku ile beki wetu wa kushoto akawa bingwa wa kupiga mpira bondeni. Tulipumzika sana muhula ule.

Mechi ya kwanza ya ugenini ilikuwa Masasi mjini, siku ambayo shule kadhaa zilikubaliana kuwakutanisha wadogo wao. Wengi wa watoto wangu walikuwa hawajawahi kushuka kutoka juu kwetu. Gari lilipofika bondeni joto likatupokea, wakavua masweta, na milima ya mawe ilipojitokeza wote walihamia upande mmoja wa dirisha. "Madam," mmoja aliuliza, "yale mawe nani ameyapanga?" Nilisema Mungu. Akauliza kama alitumia winchi.

Mama wa beki wetu hakuja; zamu yake ya kupuliza mikorosho ilikuwa imefika. Alfajiri alinikabidhi mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na kaptura ya akiba na taulo. "Dawa ameshakunywa," alisema, "ila usingizi sijui kama alipata. Alikuwa anaongea na dari." Nilimuuliza kama tumwache. Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameshapanda gari na kutoa kichwa dirishani. "Utamtoaje?" alisema.

Wapinzani wetu walikuwa na viatu na soksi ndefu. Sisi tulikuwa na jezi za kijani zilizowafika magotini, na miguu mitupu. Watu walikuwa wengi kandokando ya uwanja, kinamama wenye mabeseni ya karanga na mihogo ya kuchemsha, vijana wa bodaboda waliokaa juu ya pikipiki zao. Beki wetu alipiga mpira nje mara tatu, na mara zote alishangilia, ingawa hapakuwa na bonde na mpira ulirudi upesi.

Mimi sikuona alivyoanguka. Nilikuwa namfuata kwa macho mfungaji wetu aliyekuwa akipandisha na mpira. Akanyang'anywa, wapinzani wakaja mbio upande wetu, na ghafla nikaona goli letu halina mtu. Golikipa ameliacha. Yeye, asiyesikia filimbi wala kelele, anautazama uwanja wote kwa macho, na alikuwa amemwona mwenzake akiyumba. Alimkimbilia mikono imenyooshwa. Mpira ukaingia wavuni, watu wakashangilia, na katikati ya shangwe ile sauti ya mwanamke ikapaa: "Kifafa! Kifafa! Msimguse!"

Watu walikimbia. Nasema walikimbia kweli, mabeseni yalipinduka. Kinamama waliwanyakua watoto wao kwa mikono, wale wa soksi ndefu wakatawanyika, hata refa akarudi nyuma hadi kwenye mstari. Mimi nilikuwa nakimbia kinyume chao. Nilipofika, wangu walikuwa wameshafika wote. Golikipa amepiga magoti akikiweka kichwa cha mwenzake juu ya mkono. Mnene anaokota vijiwe na kuvitupa mbali. Mfungaji amemshika bega na nyonga, anamgeuza ubavu taratibu.

"Mngojeni," alikuwa akisema. "Tunamngoja tu."

Nilitoa simu nitazame saa, maana nesi alikuwa ameniambia ikizidi dakika tano nitafute gari la hospitali. Hapo mzee mmoja, pekee aliyetusogelea, akaja na kijiko alichokipata kwa muuza uji. Nia yake ilikuwa njema. Mfungaji wetu aliinuka akamkinga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nipishe, mjukuu wangu, atajing'ata ulimi."

"Tafadhali babu, usimtie kitu mdomoni. Mama yake amekataa."

Mzee alinitazama. Nilitikisa kichwa kukataa kijiko. Akabaki amesimama na kijiko chake.

Ndipo kaptura ya mtoto ilipolowa, na watu waliokuwa wamekimbia wakaanza kurudi kidogokidogo, wakinyoosha shingo. Sikumwagiza mtu chochote. Mfungaji alisema neno moja, "Geukeni," akamgusa golikipa begani na kumwonyesha kwa mkono. Watoto wangu wakashikana mikono kumzunguka, migongo kwake, nyuso kwa watu. Jezi zile ndefu zikawa ukuta. Nilifungua kanga kiunoni nikamfunika.

Dakika tano hazikufika. Mwili ulitulia, pumzi ikawa nzito, kisha akafumbua macho akayazungusha, hajui yuko wapi. Tulimfuta, tukambadilisha kaptura humohumo ndani ya mduara. Baada ya muda alimtambua mfungaji.

"Tumefungwa?"

"Moja."

"Golikipa alikuwa wapi?"

"Hapa," alisema mfungaji. "Lala."

Akalala, kichwa mapajani mwangu.

Kocha wa wenzetu, kijana mstaarabu, alinijia na kusema kwa sauti ya chini kwamba watoto wake wanaogopa na pengine tuishie hapo. Nilikuwa tayari kukubali. Mimi mwenyewe nilitaka kwenda nyumbani. Lakini mfungaji wangu alikuwa ameyasikia mazungumzo.

"Sisi hatuogopi," alisema. "Na tuko pungufu. Waje."

Kocha aliwatazama wachezaji wake, kisha akawaita. Walirudi mmojammoja, wakiikwepa sehemu ile ya uwanja. Tulifungwa mengine mawili. Mfungaji wetu alipata moja, na hakushangilia; alichukua mpira akaurudisha kati akikimbia. Beki wetu hakuliona goli hilo. Jioni aliposimuliwa alidai aliliona.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, mwanamke mmoja muuza mihogo alinifuata. Niliitambua kanga yake. Alikuwa miongoni mwa waliokimbia wa kwanza. Alisema ametoka Nanganga kuuza pale siku ile tu. Alizunguka sana, akaniuliza habari za barabara, akauliza Newala maji yanapatikana. Mwisho akasema, akitazama chini, "Ninaye wa kike nyumbani. Yuko hivyo. Shule hajaanza." Akaipanga upya mihogo beseni. "Huwa namfungia ndani ninapotoka. Asianguke nje watu wakamwona."

Nilihisi mimi siye wa kumjibu. Nilimpigia mama wa beki wetu. Alipokea akiwa shambani, mashine zikinguruma nyuma yake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ameanguka?" Nilisema ndiyo, ameamka, yuko salama. Kisha nikampa yule mwanamke simu. Alikwenda nayo pembeni, nyuma ya gari, akaongea mpaka dereva akaanza kupiga honi. Aliponirudishia simu uso ulikuwa umelowa. Alitugawia mihogo yote iliyobaki kwenye beseni, akakataa malipo, nasi tukaila njia nzima.

Tulifika Newala jua linazama. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, nguo bado zina vumbi la njano. Mwanawe alishuka akiwa na usingizi akamwegemea. Aliniuliza jambo moja tu.

"Walikimbia?"

"Wa kule walikimbia," nilisema. "Wetu hawakukimbia."

Akawatazama watoto wanaoshuka garini mmoja baada ya mwingine, wakigombania masweta, wakitafuta viatu vya kandambili, yule mnene bado anatafuna. Aliwaita akawashika kichwa kila mmoja, na alipofika kwa golikipa aliishika mikono yake miwili akaibusu. Msichana alishangaa, akacheka kwa sauti yake ile ya chini ambayo hatuisikii mara nyingi. Mfungaji hakutaka kushikwa kichwa. Alisema, "Mama, kesho asikose mazoezi. Lazima ajifunze kutoa pasi."

Miaka imepita. Mfungaji wetu yuko sekondari Masasi na bado ananipigia kunilaumu kuhusu upangaji wa timu. Golikipa anajifunza ushonaji. Yule binti wa Nanganga alianzishiwa dawa; alichelewa kuanza shule, lakini alianza, na mama yake na mama wa beki wetu husalimiana kwa simu kila sikukuu.

Beki wangu sasa yuko darasa la saba. Kipimo chake cha dawa kiliongezwa, na amekaa muda mrefu bila kuanguka. Alianguka tena muhula huu, kipindi cha hesabu, kwa mwalimu mgeni aliyetoka chuoni juzijuzi. Mimi nilikuwa darasa la pili, nikasikia madawati yakiburutwa, nikajua wanampa nafasi. Nilipotoka nje nilimwona mwalimu mgeni amesimama chini ya mlingoti wa bendera, chaki mkononi, anahema. Msichana mmoja wa darasa lile alikuwa ametumwa kumfuata. Alisimama mbele yake kwa adabu, mikono nyuma.

"Madam, twende tu," alikuwa akimwambia. "Tumeshamlaza ubavu. Ukitaka nitakaa na wewe."